Mguu unauma, lakini wapi?



Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hii tumeisikia tangu utotoni na maana yake haina haja ya kufafanuliwa. Lakini leo nataka tuulizane swali ambalo huenda wengi wetu hatujawahi kuuliza: huyu asiyesikia la mkuu huvunjika wapi hasa? Pajani, gotini, au chini ya goti? Methali haisemi, na wala haina sababu ya kusema, kwani kazi yake ni kuonya. Ila mtu akivunjika kweli, akabebwa kwenye machela hadi zahanati, jibu la "mguu" peke yake halitoshi.

Nataka tuzungumze juu ya ile sehemu iliyo kati ya goti na kifundo. Kila siku tunatembea nayo, lakini tukitakiwa kuitaja kwa jina lake tunababaika.

Neno mguu katika Kiswahili ni pana sana. Linaanzia nyonga na kuishia kwenye ncha za vidole. Mtoto akikanyaga msumari tunasema ameumia mguu, na mzee anayeumwa nyonga naye tunasema anaumwa mguu. Ni sawa na neno mkono, linalobeba kila kitu kuanzia bega hadi kucha. Neno lenyewe lina ndugu wengi. Wakikuyu husema kuguru, Waganda okugulu, Wanyarwanda ukuguru. Sisi tumeiangusha ile sauti ya katikati, tukabaki na mguu, na katika methali yetu, guu.

Tena neno hili halikukaa mwilini tu. Meza ina miguu, na kiti kina miguu. Aliyepita mafunzo ya mgambo au Jeshi la Kujenga Taifa hawezi kusahau amri ya "mguu pande, mguu sawa". Anayekimbia hatari tunasema ametoka mguu niponye. Neno lenye kazi nyingi namna hii lina heshima yake, lakini pia lina hatari yake, maana mwenye kazi nyingi aghalabu hakosi kuacha nyingine nusu.

Hata hivyo, Kiswahili si maskini. Mfupa ule wa mbele, mgumu, unaoshuka kutoka gotini, ambao ukiupapasa unakuta ngozi na mfupa bila nyama kati yake, unaitwa muundi. Kwa wingi ni miundi. Sehemu hiyohiyo ya mbele huitwa pia ugoko, na neno hili limeokolewa na wapenzi wa kandanda. Mchezaji akifunga bao bila kukusudia, mpira ukamgonga chini ya goti na kuingia wavuni, mashabiki husema ni goli la ugoko. Nyuma ya muundi kuna mnofu. Huo unaitwa chafu la mguu, au tafu, na wengi siku hizi wanauita shavu la mguu. Chini yake kuna kifundo, kisha kisigino, kisha wayo. Kila sehemu ina jina.

Basi kwa nini hatuyatumii majina haya? Nadhani baadhi yake yamepata bahati mbaya ya kufanana na maneno mengine. Ukisema chafu, msikilizaji anafikiri unazungumzia uchafu. Ukisema tafu mbele ya vijana wa mjini, watadhani unaomba msaada, maana kwao "nipige tafu" ni ombi la kusaidiwa, na mara nyingi msaada wenyewe ni wa fedha. Muundi nao umebaki kwa wazee na kwenye kamusi. Ndiyo maana neno mguu limeachiwa mzigo wote.

Tusidhani kwamba hili ni tatizo letu peke yetu. Hapa Karatu, ambapo magari ya watalii hupita kila siku kuelekea Kreta ya Ngorongoro, tunawapokea wageni wa kila lugha, na miongoni mwao wapo Wachina na Wajapani. Lugha zao zimepita njia ileile, na historia yao inatufundisha jambo.

Wachina wana neno "jiao". Leo, katika Kichina cha shuleni na redioni, jiao ni sehemu ya chini ya kifundo, ile inayovaa kiatu. Lakini kamusi yao ya kale iitwayo Shuowen Jiezi, iliyokamilishwa yapata mwaka 100, inalieleza neno hilo kuwa ni muundi. Yaani kwa karne nyingi neno limeteremka taratibu, likatoka chini ya goti na kufika chini ya kifundo. Kusini mwa China, kwa wanaosema Kikantoni, neno hilohilo linaweza kuwa mguu mzima, kama mguu wetu sisi. Pengo lililobaki baada ya neno kuteremka wamelijaza kwa urahisi: paja wanaliita "datui", maana yake mguu mkubwa, na kuanzia goti kwenda chini wanapaita "xiaotui", mguu mdogo. Mnofu ule wa nyuma, ambao sisi tunauita shavu, wao wanauita tumbo la mguu.

Wajapani walipoazima maandishi ya Kichina, waliikuta alama hiyo ya jiao ingali na maana ya mguu. Kwa sauti, Mjapani ana neno moja tu, "ashi", ambalo kama letu hubeba mguu wote. Lakini anapoandika huchagua: akitaka kusema sehemu ya chini ya kifundo huandika alama moja, na akitaka kusema mguu mrefu huandika nyingine. Sikio halijui tofauti, ila jicho linajua. Na ile alama ya mguu mrefu ndiyo wanayoitumia hata kuhesabia viti, kama sisi tunavyokipa kiti miguu.

Muundi kwa Kijapani ni "sune", na hapa ndipo utakapoona kwamba binadamu ni mmoja. Kijana mzima, mwenye nguvu, anayekula na kulala kwa wazazi bila kufanya kazi, Wajapani husema anatafuna muundi wa mzazi wake. Ni picha ya kusikitisha: muundi hauna nyama, na yeye bado anautafuna. Sisi tuna vijana wanaosema nipige tafu, wao wana vijana wanaotafuna muundi. Tena muundi wameupa jina la utani, mahali pa kulilia Benkei. Benkei alikuwa mtawa na mpiganaji wa karne ya 12, mtu wa miraba minne ambaye sifa za ushujaa wake zinasimuliwa mpaka leo. Wajapani wanasema hata shujaa huyo akigongwa hapo atatoa machozi. Kila aliyewahi kugonga muundi wake kwenye ukingo wa kitanda usiku wa giza atakubaliana nao.

Wachina nao wana msemo ambao sisi watangazaji inatupasa tuupende. Habari inapoenea haraka bila kutangazwa, wanasema imekwenda bila miundi. Hakika habari nyingi za mitaani zinakwenda hivyo.

Sasa turudi nyumbani. Mwenzetu Mmaasai, katika lugha yake, ana neno "enkeju", na maana yake ni mguu, wote, kama kwetu. Lakini ukibadili kile kiambishi cha mwanzo, ukakipa jinsia ya kiume, unapata "olkeju", na olkeju ni mto. Mguu na mto vinatoka katika shina moja. Jina la Kajiado huko Kenya limetokana na Olkeju Ado, maana yake mto mrefu. Ukisimama juu ya mlima ukautazama mto unavyoshuka bondeni, unaweza kuona kwa nini wazee wa Kimaasai hawakuona shida kuviita vitu hivi viwili kwa shina moja.

Ndugu wasikilizaji, kama kuna wilaya duniani ambazo hazina budi kujua majina ya sehemu za chini za mguu, basi ni hizi mbili, Karatu na Ngorongoro. Mwaka 1978, huko Laetoli, karibu na Endulen, watafiti waliokuwa wakifanya kazi na Mary Leakey walifukua mstari wa nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili, zikiwa zimegandishwa katika majivu ya volkano. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka milioni 3.66. Na mwaka huohuo wa 1978, jirani zetu wa Kenya walipata Rais mpya, Daniel arap Moi, aliyeahidi kufuata nyayo za mtangulizi wake, Mzee Jomo Kenyatta. Nyayo ikawa siasa, ikawa jina la jengo, ikawa jina la uwanja wa michezo. Neno la sehemu ya chini kabisa ya mwili wa binadamu likapanda mpaka Ikulu.

Lakini nyayo ni alama tu. Muundi wenyewe nao tunao. Mwaka 1960 katika Bonde la Olduvai, eneo lilelile ambako Mary Leakey alilipata fuvu la Zinjanthropus Julai 1959, ilipatikana mifupa miwili ya chini ya goti: muundi, na ule mfupa mwembamba unaokwenda sambamba nao kwa upande wa nje. Wataalamu wanaiita OH 35. Umri wake ni kama miaka milioni 1.8. Wameijadili kwa miaka mingi, wengine wakisema ni ya Homo habilis na wengine wakisema ni ya yule kiumbe wa Zinjanthropus. Mtaalamu wetu Mtanzania, Jackson Njau, pamoja na mwenzake Robert Blumenschine, waliichunguza mifupa kutoka bonde hilo na kuonyesha kwamba baadhi yake ina alama za meno ya mamba. Yaani muundi ule unasimulia hata hatari zilizokuwa kando ya maji ya kale.

Sasa fikirini. Muundi maarufu kama huo umetoka katika ardhi yetu, vitabu vya Kizungu vinautaja kwa jina lake, na mtoto wa shule wa Karatu akiulizwa ni mfupa gani, atajibu "mfupa wa mguu". Paja nalo lina mfupa wa mguu. Kidole nacho kina mfupa wa mguu. Jibu lake si la uongo, ila halimsaidii mtu.

Lakini muundi wa kale hauumi tena. Unaouma ni wa leo, na hapa ndipo jambo hili linapoacha kuwa la kamusi na kuwa la uhai.

Karatu ni mahali pa pekee. Wako Wairaqw, ambao lugha yao ni ya Kikushi. Wako Wamaasai na Wadatoga, wenye lugha za Kinailoti. Wako Wahadzabe kando ya Ziwa Eyasi, wenye lugha ya vidoko isiyo na ndugu anayejulikana. Na wako Wabantu wa kila kona ya Tanzania waliokuja kwa kazi, kilimo na biashara. Ni sehemu chache sana katika Afrika ambako makundi haya yote manne yanakutana sokoni kununua kitunguu kimoja cha Mang'ola. Wakikutana wanazungumza Kiswahili, na hospitalini ni hivyohivyo. Mgonjwa anakileta Kiswahili alichojifunza ukubwani, muuguzi anakileta Kiswahili cha kwao, na katikati yao pamelala neno moja: mguu.

Chukueni mfano. Mama aliyejifungua wiki mbili zilizopita anasema, "Mguu unaniuma." Muuguzi mwenye foleni ya wagonjwa hamsini anaweza kumpa dawa ya maumivu akamwambia apumzike. Lakini mama huyo akisema, "Chafu la mguu wa kushoto limevimba, lina joto, na la kulia halina kitu," muuguzi mwenye mafunzo atashtuka. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na bonge hilo likiachia linaweza kusafiri hadi kwenye mapafu na kumuua mtu ghafla. Waja wazito na waliojifungua karibuni ni miongoni mwa walio katika hatari hiyo.

Mtoto mwenye homa naye analia mguu. Akionyesha muundi, na pale palipo na maumivu pamevimba na hapagusiki, daktari atafikiria usaha ndani ya mfupa, kwani miundi ni miongoni mwa mifupa inayoshambuliwa na ugonjwa huo kwa watoto. Mzee mwenye kisukari akisema mguu, swali la kwanza liwe juu ya wayo, maana kidonda kidogo cha wayoni asichokihisi kinaweza kuishia kwa mguu kukatwa. Mkulima aliyeumwa na nyoka kwenye kifundo asubuhi, uvimbe ukafika kwenye chafu adhuhuri na gotini jioni, amempa daktari kipimo kamili cha mwendo wa sumu. Akisema tu kwamba mguu umevimba, kipimo hicho kimepotea.

Na bodaboda? Muundi, kwa kuwa mbele yake hauna nyama, ukivunjika ni rahisi ncha yake kutoboa ngozi na kutoka nje. Mfupa uliotoka nje ni jambo la dharura, kwani uchafu huingia ndani. Anayepiga simu kuomba gari la wagonjwa akisema, "Amevunjika muundi, mfupa umetoka nje," anaiandaa hospitali kabla majeruhi hajafika. Hata kwa wale wanaokatwa mguu, Mungu atuepushe, kati ya kukatwa chini ya goti na kukatwa juu yake kuna tofauti kubwa mno. Aliyebaki na goti lake hutembea kwa urahisi zaidi na kiungo bandia. Mafundi wanaosomea kazi hiyo katika chuo cha TATCOT pale KCMC, Moshi, wanalijua hilo vizuri.

Mikoa hii yetu imetoa wakimbiaji waliolipa taifa jina. Filbert Bayi ni mzaliwa wa Karatu, na tarehe 2 Februari 1974 huko Christchurch alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16. John Stephen Akhwari wa Mbulu alimaliza wa mwisho katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 baada ya kuanguka na kuumia, akaheshimiwa kuliko wengi waliomtangulia. Hadithi yake tunaisimulia kwa kusema aliumia mguu. Aliumia goti. Mwanariadha, kocha na daktari wake hawawezi kufanya kazi kwa neno mguu peke yake, kwani maumivu ya ugokoni yana tiba yake na maumivu ya chafu yana tiba yake.

Basi tufanye nini? Sisemi kwamba mtu asiyejua neno muundi aadhibiwe au achekwe. Nasema mambo matatu mepesi.

La kwanza ni la mgonjwa. Ukifika zahanati, usiseme mguu ukanyamaza. Gusa kwa kidole mahali penyewe, mbele au nyuma, mguu wa kulia au wa kushoto, kisha sema. Kidole kinaeleweka kwa Kiiraqw, kwa Kimaasai, kwa Kihadza na kwa Kiswahili.

La pili ni la muuguzi, daktari na askari polisi anayeandika fomu ya PF3. Akisema mguu, uliza wapi, na unapoandika, andika ulipoambiwa. Fomu inayosema "amejeruhiwa mguu" mahakamani inaweza kumnyima haki aliyeumizwa.

La tatu ni la walimu na sisi wa vyombo vya habari. Maneno tunayo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu imekuwa madukani tangu mwaka 1981. Tukiyatumia darasani na redioni kwa mwaka mmoja tu, muundi na chafu hayatakuwa maneno ya wazee tena. Wachina waliacha neno lao likateremka, lakini pengo walilijaza. Wajapani waliacha sauti moja ibebe mguu wote, lakini tofauti wakaiweka kwenye maandishi. Sisi hatuhitaji kubuni wala kuazima. Tunachohitaji ni kusema tulichonacho.

Mwalimu unayenisikiliza, kesho asubuhi waambie watoto wasimame, waguse goti, muundi, chafu, kifundo, kisigino na wayo. Ni dakika tano tu, na huenda siku moja mmoja wao akamwokoa mama yake.